Nilinunua ya "Germany", nikaikataa ya Indonesia

Septemba 2016 niliingia duka moja la vyombo vya muziki Kariakoo nikiwa na laki tisa kwenye bahasha, nikatoka na saksafoni yangu ya kwanza, ya aina ya alto. Niliilipia 780,000. Iling'aa kiasi kwamba nikiwa kwenye daladala kurudi Mbagala nilifungua boksi mara mbili, niitazame tu. Kwenye mdomo wake mpana yalichongwa maua, juu ya maua jina ambalo sikuwahi kulisikia, na chini ya jina hilo maneno mawili: "Germany Design". Mimi nilisoma Germany. Neno la pili sikulipa uzito wowote.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekataa saksafoni nyingine. Mwalimu mmoja wa muziki alikuwa anahama mji na anauza Yamaha YAS-280 aliyoitumia miaka miwili. Alitaka milioni moja na laki saba, tena alikuwa tayari nilipe kwa awamu mbili. Niliigeuza nyuma nikaona kwenye shaba, karibu na namba yake, "Made in Indonesia". Yamaha ninayoijua mimi ni ya Japani. Nikamwambia usoni, mbele ya mke wake, kwamba anauza feki. Hakubishana. Aliirudisha kwenye boksi taratibu, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi napokea ujumbe kutoka kwa vijana wa makanisani na wa bendi za harusi wanaoniuliza, "Kaka, ninunue ya wapi?" Swali lao ni langu la mwaka ule, na lilinigharimu zaidi ya milioni moja.

Niseme kwanza kwa nini "Germany" ilinipata kirahisi hivyo. Nimekulia Moshi vijijini, kwenye usharika wenye kikundi cha matarumbeta. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kwetu chochote cha shaba kinachopulizwa ibadani huhesabiwa kuwa kazi ya Mjerumani mpaka ithibitike vinginevyo. Babu alikuwa akisema tarumbeta ya Mjerumani ikianguka, inayoumia ni sakafu. Nimeyasikia hayo tangu sijaanza shule. Kwa hiyo pale Kariakoo sikuwa nachagua kwa sikio, nilikuwa namsikiliza babu.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalienda. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini nikajiambia ni mapafu yangu. Noti za chini zilikuwa hazitoki bila kulazimisha, nikazidisha nguvu. Kufika Novemba nilikuwa nimeshajizoeza kubana midomo vibaya ili kufidia kasoro ya chombo, na tabia hiyo ilinichukua mwaka mzima kuiacha. Hasara hii haina risiti, ila naiona kubwa kuliko zote. Chombo kibovu hukufundisha ubovu, nawe unadhani unajifunza muziki.

Desemba tukapata harusi Mbezi Beach. Nilikuwa nimechukua nusu ya malipo, laki na nusu. Bibi harusi ameshafika mlangoni na baba yake, MC ametangaza watu wasimame, nikapuliza noti tatu za mwanzo. Ya nne haikutoka. Nilipoangalia chini, ufunguo wa kidole kidogo cha kushoto ulikuwa unaning'inia. Nguzo yake ndogo, iliyolehemiwa kwenye mwili wa saksafoni, ilikuwa imeng'oka na springi yake. Mpiga kinanda aliokoa jahazi. Niliirudisha ile laki na nusu usiku huohuo, na yule MC, aliyekuwa ananipa kazi kila mwezi, hakunipigia tena.

Watu wakanielekeza kwa fundi mmoja Temeke, mzee aliyestaafu kwenye bendi ya chombo cha dola. Wote tunamwita Afande. Hakuniuliza niliinunua wapi. Alifunga madirisha mawili ya karakana, akashusha pazia la mlangoni, akatoa taa nyembamba kama penseli yenye waya mrefu. Akaiingiza ndani ya tumbo la saksafoni, akaanza kubonyeza funguo moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja, bila nguvu.

"Tazama, kijana."

Palikuwa giza, na saksafoni yangu ilikuwa inavuja mwanga. Kila tundu la saksafoni huzibwa na padi, kile kiduara laini kilichovikwa ngozi, na padi ikikaa sawasawa hakuna mwanga unaotoka. Yangu ilitoa mwanga kwenye matundu matano. Kwenye moja mwanga ulitoka kama mwezi mwandamo, kwa sababu ukingo wa tundu lenyewe haukuwa sawa. Hata ungeweka padi mpya ya bei gani, isingeziba. Kisha akashika ufunguo mmoja wa chini kati ya kidole gumba na cha shahada, akausukuma kidogo. Ukapinda. Akausukuma upande wa pili, ukarudi. "Hii laini mno," alisema. "Nikiinyoosha leo, ukiishika kwa nguvu kesho itapinda tena. Nitakula hela yako bure."

Nilimng'ang'aniza aitengeneze. Mara ya kwanza 120,000, mara ya pili 95,000, mara ya tatu 140,000. Jumlisha na bei ya kununulia inafika 1,135,000, na ile laki na nusu ya harusi juu yake. Ile Yamaha ya mwalimu sikuikosa kwa kukosa pesa. Ningevumilia miezi minne ya VICOBA, ningeipata.

Mwaka 2017 nilikaa sana kwenye karakana ile, mara nyingine nikimsaidia Afande kubandua padi kuukuu tu. Siku moja nilimuuliza swali lilelile ninaloulizwa sasa: ya nchi gani ndiyo nzuri? Hakunijibu kwa maneno. Alipanga saksafoni nne juu ya benchi.

Ya kwanza ilikuwa Conn ya zamani, imechakaa, rangi imekwisha. Imeandikwa Elkhart, mji wa jimbo la Indiana, Marekani, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kama mji mkuu wa vyombo vya kupulizwa kule. Alto za Conn za kabla ya Vita vya Pili bado zinatafutwa na wapulizaji wakubwa. Hata Charlie Parker, gwiji wa saksafoni ya jazi, alipita nazo. Baadaye kampuni ikahamishia kazi Nogales, mpakani mwa Marekani na Meksiko, na sifa ikaporomoka. Jina lilibaki lilelile. Wengi hulaumu Meksiko. Afande alilisema tofauti, nami nimemwamini kadiri ninavyosoma: kampuni ilihama ili kupunguza gharama, na ukipunguza gharama unapunguza saa ambazo fundi anakaa na chombo kimoja. Ungeipunguzia Elkhart yenyewe saa zile, matokeo yangekuwa yaleyale.

Ya pili ilikuwa Amati, kutoka iliyokuwa Chekoslovakia. Hii ilinifundisha kuhusu "Ujerumani" yangu. Kuna mji mdogo unaoitwa Kraslice kwa Kicheki na Graslitz kwa Kijerumani. Hapo ndipo Julius Keilwerth alipoanza kutengeneza saksafoni mwaka 1925. Vita vilipokwisha Wajerumani walifukuzwa eneo lile; Keilwerth akaenda kuanza upya Nauheim, Ujerumani Magharibi, na viwanda vilivyobaki nyuma vikawekwa chini ya dola, vikawa Amati. Ukishika Keilwerth na Amati za miaka ile ya mwanzo utaona ni ndugu wa tumbo moja, lakini kwa kuwa moja imeandikwa Ujerumani na nyingine Chekoslovakia, bei haziendani hata kidogo.

Ya tatu ilitoka Taiwani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo habari ninayoipenda. Wilaya ya Houli, Taichung, ilikuwa ya wakulima. Miaka ya 1940 mtu mmoja, Chang Lien-cheng, alipata saksafoni iliyoungua moto. Aliifungua kipande kwa kipande, akapima, akachora kila kimoja, na ikamchukua kama miaka mitatu kutengeneza ya kwake ya kwanza. Wanafunzi wake wakafungua karakana zao, na Houli nzima ikawa mji wa saksafoni. Kwa miaka mingi walitengeneza kwa oda, wakachonga majina ya watu wengine, na dunia ikawaita watengenezaji wa bei rahisi. Leo kuna wapulizaji wa kulipwa wanaotumia za Taiwani kwa kuzichagua. P. Mauriat, ambayo ukilisikia jina utadhani ni ya Paris, hutengenezwa Taiwani.

Ya nne ilitoka China. Nilicheka nikidhani ameiweka kama mfano wa takataka. Akanipa kidomo changu, kile kipande kinachoingia mdomoni, akaniambia pulizia. Ilikuwa nzuri. Si nzuri ajabu, lakini noti za chini zilitoka bila kulazimisha na funguo zilisimama imara chini ya vidole. Karibu na Tianjin kuna kijiji kiitwacho Sidangkou, ambako saksafoni na tarumbeta hutoka kwa wingi kama matofali yanavyotoka kwetu kwenye tanuri. Eneo hilohilo linaweza kutoa ya kutupa na ya kufanyia kazi miaka kumi. Tofauti inaanzia kwa aliyeagiza: amelipa kiasi gani kwa kila moja, na je, amemweka mtu mlangoni wa kukataa mbovu zisitoke? Anayeagiza ya dola mia atatengenezewa ya dola mia, na kama anataka maneno "Germany Design" juu yake, atachongewa.

Nilitoka pale na aibu kubwa. Nilikuwa nimesoma jina la nchi mara mbili ndani ya wiki moja, na mara zote mbili nimelisoma vibaya. Yamaha ana kiwanda chake mwenyewe Indonesia, kwa mchoro wake na ukaguzi wake, na saksafoni nyingi za wanafunzi hutoka huko. Neno "Indonesia" pale lilikuwa ukweli ulioandikwa bila kuficha. Neno "Germany" kwenye yangu lilikuwa pambo kama yale maua.

Hata Wafaransa wenyewe, wanaoheshimiwa sana kwa saksafoni, hadithi yao haijanyooka. Adolphe Sax alizaliwa Dinant, Ubelgiji, akaipatia saksafoni hataza Paris mwaka 1846, na kampuni ya Selmer ndiyo iliyobeba heshima hiyo ya Ufaransa kutoka kiwanda chao cha Mantes-la-Ville. Modeli yao ya Mark VI, iliyoanza mwaka 1954, ndiyo inayotajwa kuliko zote. Lakini nyingi za zile zilizouzwa Marekani zilisafirishwa zikiwa vipande, zikaunganishwa, zikapakwa laka na kuchongwa maua Elkhart. Mpaka leo watu wanabishana ipi bora, iliyofungwa Ufaransa au iliyofungwa Marekani, na chuma ni kimoja.

Mwaka 2018 nilibahatika kuipuliza moja. Mzee mmoja kutoka Lubumbashi, aliyefanya kazi na bendi za hapa Dar tangu ujana wake, alinikaribisha kwake Kinondoni. Anampenda Verckys, mpuliza saksafoni maarufu wa Kongo, kama watu wanavyompenda mtakatifu, na ukuta wake una picha yake. Alinipa Mark VI yake kwa mikono miwili. Katikati sauti ilikuwa nzito, ina mchanga kidogo ndani yake, ikanisimamisha nywele. Nilipoteremka chini, ikakohoa. Padi zilikuwa zimekauka na kizibo cha shingo, pale kidomo kinapochomekwa, kimelegea, kimefungwa karatasi. "Mwanangu," aliniambia, "jina liko zima, padi ndizo zimekufa." Kubadilisha padi zote, springi na vizibo alitajiwa Nairobi bei ambayo ingenunua saksafoni mpya ya mwanafunzi. Alikuwa anasubiri pesa hiyo kwa miaka mitatu. Ukipewa au ukiuziwa ya kizamani yenye jina, hesabu matengenezo kwanza, ndipo upange bei.

Kuna jambo Afande alilisema siku nyingine, akiwa anakunywa kahawa, na naona ndilo linalotugusa sisi wa huku kuliko yote. Saksafoni haiko tayari inapotoka kiwandani. Inasafiri wiki kadhaa ndani ya kontena, inatikiswa, inapata joto la bahari, padi zinasogea, skrubu zinalegea. Tokyo au Paris, duka linalojiheshimu lina fundi anayeifungua na kuirekebisha kabla haijafika kwa mteja. Hapa kwetu inatolewa kwenye katoni na kuwekwa kwenye kioo. Kwa hiyo hata iliyotengenezwa vizuri unaweza kuipuliza dukani ukaiona mbovu, na ukaondoka ukisema nchi fulani hawajui kazi. Tunahukumu kiwanda kwa kosa la safari na la duka. Tangu siku ile kila anayeniuliza namwambia atenge laki moja mpaka laki na nusu ya fundi juu ya bei ya chombo, hata kama ni kipya kwenye nailoni.

Na namwambia asinunue peke yake. Nenda na mtu anayepuliza. Beba kidomo chako na ridi zako, vile vibamba vyembamba vinavyotetema kwenye kidomo, kwa sababu za dukani mara nyingi ni za kupambia tu. Anza na noti ya chini kabisa, puliza kwa upole kama unamwamsha mtoto. Isipotoka kwa upole, inavuja. Shika ufunguo mmoja uutikise kwa ubavu, usikie kama unacheza kwenye fimbo yake. Muulize muuzaji kama padi na skrubu zake zinapatikana, kisha mpigie fundi wako akiwa hapohapo umuulize swali hilohilo. Kama fundi anakwambia chombo kile hakigusi, ondoka. Hilo la mwisho lingeniokoa mimi pale Kariakoo bila kujua lolote kuhusu Ujerumani.

Jihadharini pia na majina makubwa kwa bei ndogo. Mwaka huohuo wa 2018 nilitumiwa picha mtandaoni za "Yamaha 62" mpya, modeli ya wapulizaji wa kulipwa, kwa milioni moja na laki mbili, nami nilikuwa nimeshaanza kutafuta nauli ya kwenda kuichukua. Afande alizikuza picha kwenye simu yangu: herufi za nembo hazilingani, na namba ya saksafoni imepakwa kwa rangi badala ya kuchongwa. Yamaha wenyewe wameshatoa tahadhari kuhusu bandia zenye jina lao. Niliiacha.

Ile ya Kariakoo sikuiuza. Nilifikiria kuiuza laki mbili kwa mzazi mmoja anayemtafutia mtoto wake, nikashindwa. Niliiacha kwa Afande, na vijana wanaojifunza ufundi wanaitumia kujifunza kulehemu nguzo.

Mwaka 2019, kupitia binamu anayefanya kazi Dubai, nilipata YAS-280 iliyotumika. Bei, pamoja na kodi aliyolipa uwanja wa ndege, ilifika milioni mbili na elfu sitini. Afande aliirekebisha kwa 80,000, akafunga madirisha, akashusha taa yake ndani, na mara hii giza lilibaki giza. Harusi na ibada nimepiga nayo nyingi mno. Springi mbili zimekatika kwa kutu, kwa sababu hewa ya pwani haina huruma na chuma, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa naifungia kwenye boksi ikiwa na unyevu. Siku hizi napitisha kitambaa ndani kila ninapomaliza, naipa dakika kumi ikae wazi, na siiachi kwenye buti la gari hata kama ninashuka kununua maji tu.

Yule mwalimu nilimtafuta mwaka jana. Namba yake niliipata kwa shida, kupitia kwaya aliyowahi kuifundisha. Nilimwambia mimi ni nani na nilichomwambia mwaka 2016 mbele ya mkewe, nikamwomba radhi. Alikumbuka. Alisema ile saksafoni aliiuza Arusha, kwa binti wa kidato cha pili, ambaye sasa anafundisha wenzake kanisani, na padi nyingi ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Kisha akaniuliza napigia nini siku hizi. Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hebu niisikie." Nikaegesha simu kwenye dirisha, nikaenda kuitoa kwenye boksi.